Aliyeulizwa ni Tarishi

Mlinzi wa lango aliuawa saa nne kasorobo asubuhi, kikombe cha chai kikiwa bado mkononi. Nondo ilimshukia utosini, na waliokuwa wakitazama madirishani waliona ajabu ya kuwa kikombe ndicho kilichotangulia kuanguka, kisha yeye. Lango la chuma liling'olewa bawaba zake, likalazwa juu ya maiti yake kama mlango wa kaburi, na watu wapatao thelathini wakapita juu yake wakiwa na mapanga, nondo na visu vya kuchunia.

Kishindo kile kilisikika hadi ghorofa ya pili, katika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa. Humo alikuwamo mtunza hifadhidata wa hospitali, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye ndevu zilizochanwa na mikono safi. Wauguzi walimwita Hafidhi, kwa kuwa hakusahau namba ya faili wala jina la mtu aliyewahi kulazwa. Matroni, mkuu wa wauguzi wote, aliingia mbio, viatu mkononi.

"Wamefika! Wamemuua mlinzi. Zima mtambo, Hafidhi, zima sasa hivi!"

"Wamefika akina nani?"

"Bucha na watu wake. Ulidhani nani, wageni wa harusi?"

Siku tatu zilikuwa zimepita tangu soko kuu lichafuke. Lilianza jambo dogo: toroli la mchukuzi liligonga meza ya muuza nyama, nyama ikaingia mchangani, likatoka tusi la mama. Jioni ya siku hiyo wachukuzi na wauza nyama walikuwa wakiwindana katikati ya vibanda vinavyoungua, na waliozikwa siku ya pili walikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa ndugu wa tumbo moja wa yule aliyeitwa Bucha, mkubwa wa wauza nyama. Wachukuzi kumi na mmoja waliojeruhiwa waliletwa hospitalini, na Bucha akaapa juu ya kaburi la nduguye, udongo ukiwa haujakauka, kwamba katika kumi na mmoja hao hatapona hata mmoja.

Matroni alipopata habari ya kiapo kile alifanya jambo ambalo mkurugenzi hakuthubutu hata kulisikia. Aliwatawanya majeruhi wale katika vitanda mia nane vya hospitali, kila mmoja kwa jina la kubuni. Mmoja alilazwa na wagonjwa wa macho, kitambaa usoni, ilhali macho yake hayana dosari. Mwingine alifichwa nyuma ya pazia katika wodi ya wazazi, akisikiliza vilio vya uchungu usiku na mchana, na akaapa kuwa panga lilikuwa na huruma zaidi. Ni mahali pamoja tu palipounganisha jina la kweli na kitanda cha kweli: ndani ya hifadhidata, katika mtambo mkubwa uliowekwa chumba cha nyuma.

Na mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mume wa binti wa pekee wa Hafidhi.

"Tulia, Matroni," alisema Hafidhi. "Mtambo ukizima, huchukua nusu saa kuamka. Chumba cha upasuaji kina watu watatu mezani sasa hivi. Dawa zao, damu zao, vyote vimo humu. Tutawaua wale ili kuwaokoa hawa?"

"Na hao wenye visu wakiingia?"

"Waingie. Ukurasa wa majina yale haufunguki ila kwa neno la siri, na neno la siri ninalo mimi."

"Hakuna njia nyingine? Watu hawa hawakosi mjuzi wao."

"Ilikuwapo, ikazibwa. Tunatumia toleo la kumi na nne. Nimelikagua kwa mkono wangu. Kilichobaki ni ulimi wangu tu, na ulimi wangu naujua."

Hakuwa mtu wa majivuno. Alisema alichoamini. Miezi mitatu nyuma ulikuja waraka kwa hospitali zote, ukisema kwamba programu ya hifadhidata ya toleo la tisa ina tundu. Mwenye kulijua tundu hilo huingia bila neno la siri, mfano wa nyoka apitaye chini ya mlango. Mafundi wa makao makuu walikuja, wakashinda kutwa nzima wakiweka toleo la kumi na nne, wakaondoka. Kazi ya Hafidhi ilikuwa moja, kukagua. Aliketi mezani pake, akaiuliza kompyuta toleo lililosimikwa, ikamjibu kumi na nne. Akajaza fomu, akatia sahihi, akapiga mhuri.

Matroni alivaa viatu vyake. "Haya," alisema. "Kama ni kufa, nisife miguu mitupu."

Mlango ulipigwa teke moja tu.

Bucha alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya upole iliyozoea kubembeleza wateja. Aliingia na watu wanne, wengine wakiwa wamebaki chini kulinda milango, na nyuma yao kijana mwembamba aliyebeba begi, mpwa wake, fundi wa simu pale sokoni. Hafidhi alimtambua papo hapo. Miaka miwili nyuma kijana yule alikaa miezi sita katika chumba hiki hiki, akifundishwa kazi.

"Asalaam aleikum, mzee wangu," alisema Bucha.

Hafidhi hakuitikia. Tangu apate akili zake hakuwahi kuiacha salamu ile bila jibu, na kuiacha kulimuuma kabla hajaguswa.

"Hata salamu? Mkeo mwenyewe ananisalimu. Alhamisi nilimpimia mbavu, akalalamika zina mafuta. Nikamwambia, shemeji, nyama bila mafuta si nyama, ni adhabu." Alivuta kiti akaketi, kisu kikubwa kikilala magotini. "Nataka majina kumi na moja na vitanda vyake. Sitaki kingine. Sina ugomvi na wewe."

"Mlinzi wa lango ulikuwa na ugomvi naye?"

"Yule alisimama njiani."

"Nami nimesimama njiani. Hawa waliolala humu ni amana, na amana haitolewi kwa mwenye kisu."

"Mpwa," alisema Bucha bila kugeuka, "washa mashine yako. Na ninyi, mshikeni mzee."

Walimshika. Mkono wake wa kulia ulitiwa katika droo ya chuma ya meza, na droo ikasukumwa kwa goti. Bucha alikuwa amekata viungo miaka ishirini, akijua kila mfupa unapoachia. Aliwaelekeza wenzake kwa utulivu, juu kidogo, chini kidogo, kama amwelekezaye mtu kutundika picha ukutani. Kidole cha kwanza kilitoa mlio wa kuni mbichi. Hafidhi alipiga ukelele mmoja, kisha akafunga kinywa, akaanza kusoma moyoni yale aliyoyahifadhi tangu utoto, midomo ikicheza bila sauti.

"Neno la siri."

Midomo iliendelea kucheza.

Kidole cha pili.

"Mwalimu," alisema yule kijana, uso umempauka, "sema tu. Samahani, lakini sema."

"Wewe umeletwa kuomba samahani au kufungua?" aliuliza mjomba wake. "Fungua."

Kijana alivuta kibodi ya Hafidhi. Vidole vyake vizima vilikimbia juu ya herufi, akaiuliza kompyuta lile swali fupi la mafundi, toleo gani limesimikwa hapa. Jibu lilitoka, akalisoma, mabega yakamshuka.

"Kumi na nne, mjomba. Wameliziba lile tundu. Hapa bila neno la siri hatuingii."

Wallahi, moyo wa Hafidhi ulipaa. Damu ilimchuruzika hadi kiwiko, lakini alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeshinda kesi. "Umesikia kwa mpwa wako. Nenda kazike watu wako, Bucha. Kisu chako humu ni butu."

"Kisu changu hakijawahi kuwa butu," alisema Bucha, akasimama.

Hakumwendea yeye. Alimwendea Matroni, akamshika kichwa kwa kwapa kama ashikavyo mbuzi, na kwa mkato mmoja akaliondoa sikio lake la kushoto, akaliweka juu ya meza mbele ya Hafidhi, kando ya mhuri. Damu ilifunika kola nyeupe yote. Hafidhi alihisi vidole vyake vilivyovunjika si kitu. Maumivu ya mwenzio huna pa kuyashika wala pa kuyaweka.

"Neno la siri, mzee. Au niendelee?"

"Matroni..." alinong'ona Hafidhi.

"Thubutu!" alifoka mama yule, meno yamekazana, mkono kwenye jeraha. "Thubutu useme, nitakuua mwenyewe! Sikio lina mwenzake. Wale watoto wa watu hawana."

Hafidhi akanyamaza. Kidole cha tatu kilikwenda, na cha nne. Alizimia, wakamwagia maji, akaamka, akanyamaza tena. Na katika kunyamaza kule alikuwa na raha ya ajabu, raha ya mtu aliyefunga mlango kwa mkono wake na sasa anasikia dhoruba ikiupiga bure. Mkwe wake angeishi. Wote kumi na mmoja wangeishi. Yeye ndiye aliyekuwa ukuta.

"Subiri, mjomba," alisema kijana.

Alikuwa amekunja uso mbele ya kioo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokuwa akikemewa zamani. Aliandika swali jingine. Hili halikuishia mezani. Lilivuka ukuta, likaingia chumba cha nyuma, likaulizwa mtambo mkubwa wenyewe. Jibu lilichelewa kiasi cha kupepesa macho.

"Tisa," alisema.

"Nini tisa?"

"Hii ya mezani ndiyo kumi na nne. Ule mkubwa wenye majina, ni tisa. Hawakuugusa kabisa." Aligeuka akamtazama Hafidhi, na machoni mwake hamkuwa na ushindi, mlikuwa na mshangao. "Mwalimu, nani alikagua?"

"Mimi."

"Ulimwuliza tarishi, mwalimu. Tarishi amekutajia umri wake, si umri wa bwana wake. Wewe ndiye uliyenifundisha tofauti."

Maumivu yote aliyokuwa ameyazuia mlangoni yaliingia kwa mkupuo. Vidole vinne, sikio la mwanamke, fahari yote ile ya kunyamaza, vilikuwa vimelinda nyumba isiyo na ukuta wa nyuma. Na kabla ya hapo, Matroni alikuwa amemwambia: zima. Kulikuwa na nafasi. Alikataa kwa sababu ya tarakimu aliyoipigia mhuri.

"Inachukua muda gani?" aliuliza Bucha.

"Tundu ni jembamba. Yatatoka moja moja." Kijana alikuwa ameshaanza.

La kwanza lilitoka. Alilisoma: jina, ghorofa ya kwanza, wodi ya macho, kitanda cha sita. Watu wawili waliondoka mbio, na viatu vyao vikasikika vikishuka ngazi. La pili: wodi ya watoto, chumba cha pembeni. Mtu wa tatu akaondoka. Kutoka chini ulikuja ukelele wa mtu mzima, mrefu, uliokatwa katikati, ukifuatwa na vilio vya wagonjwa vipofu wasiojua kinachotendeka kando yao.

Jina la tatu lilipotoka, Bucha alifumba macho. "Huyo," alisema polepole, "alikuwa karibu na ndugu yangu alipouawa. Nenda naye taratibu." Mtu wa mwisho akaenda.

Sasa chumbani walibaki wanne. Na hapo Bucha alikosea kama wakosavyo wauzaji wote wa nyama: alidhani kiumbe aliyekwisha kukatwa hanyanyuki. Matroni alikuwa ameegemea meza ndogo ya pembeni, ambapo birika la umeme lilikuwa limechemka na kuzima tangu walipoingia, akakigusa kitufe chake kwa kiwiko, likaanza kuchemka upya, na sauti yake ikapotea katika vilio vya chini. Aliliondoa mahali pake akammiminia kijana maji yote juu ya mikono, kibodi na mapaja.

Kijana alipiga yowe ambalo Hafidhi angelisikia hata uzeeni. Ngozi ya mikono yake iliambatana na shati alipojaribu kuifuta. Bucha aliruka kumwendea Matroni, akamtia kisu ubavuni, na wakati kisu kikiwa bado kimenasa ubavuni, Hafidhi aliinuka.

Alikimbia akiwa ameukumbatia mkono wake kifuani kama mtoto mchanga. Mlango wa chumba cha nyuma aliusukuma kwa bega, akaingia. Mtambo ulisimama ndani ya kabati la chuma, taa zake za kijani zikipepesa kwa utulivu, ukitoa majina kwa aliyeuliza, bila kujua mema na mabaya. Alipitisha kiwiko nyuma ya nyaya zote za umeme, akazikunja mkononi, kisha akajiangusha chini kwa uzito wake wote. Cheche zilimrukia usoni. Kisu cha Bucha kilimpata begani akiwa angali hewani, kisha mgongoni alipofika sakafuni. Lakini feni za mtambo zilikuwa zimeshaanza kupunguza mwendo, zikavuma, zikalia kama nzi, zikanyamaza. Hafidhi aliitegemeza miguu ukutani, akalisukuma kabati kwa mgongo unaovuja damu. Likayumba. Likaanguka kifudifudi, na matumbo yake yakatawanyika sakafuni.

"Yametoka mangapi?" Bucha alimpigia kelele mpwa wake.

"Matatu, mjomba! Matatu tu! Mikono yangu, mjomba!"

Matatu. Hafidhi, shavu lake likiwa katika damu yake mwenyewe, aliyapitia majina yale moja baada ya moja, kama apitiaye tasbihi. La mkwe wake halikuwamo.

"Alhamdulillahi," alisema.

Alilisema kwa sauti. Na lilipokwisha kumtoka, ukelele mwingine ulipanda kutoka chini, wa mtu wa tatu, yule ambaye Bucha aliagiza aendewe taratibu. Haukukatika haraka.

Bucha alisimama juu yake, akihema. "Unamshukuru nani?" aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli. Ving'ora vya askari vikasikika barabarani. Alimpiga teke la kichwa, akamwinua mpwa wake kwa kwapa, akaondoka.

*

Matroni aliponea tundu la sindano. Kisu kilipita baina ya mbavu mbili bila kugusa kitu ambacho mtu hawezi kuishi bila hicho. Hafidhi alilazwa katika hospitali yake mwenyewe, mkono umefungwa ukawa kama mchi. Siku ya nne mkwe wake aliletwa kwa kiti cha magurudumu, akaubusu mkono ule juu ya bendeji, akalia. Binti yake alilia. Mkurugenzi alikuja na watu wa magazeti, akamwita nguzo. Hafidhi alitazama dari. Matroni, aliyesikia kila neno lililosemwa chumbani mle, hakuwa amemwambia mtu lolote. Kijana hakupatikana, na mtambo uliovunjika haukuwa na toleo tena.

Siku ya sita alikuja mama mmoja wa rika lake, mwenye vazi jeusi na kandambili. Aliketi bila kukaribishwa.

"Mimi ni mama wa yule wa tatu," alisema. "Nimekuja kushukuru, kaka. Wanasema walikuvunja vidole ukakataa."

"Ndiyo, dada."

"Sasa jina la mwanangu walilipataje?"

Ingewezekana kusema kuwa wale walikuwa na mjuzi. Lisingekuwa uongo. Hafidhi alijaribu kuliweka neno hilo ulimini, ulimi aliokuwa akisema anaujua, nao ukalikataa. Akamweleza: tundu, waraka, mafundi, kompyuta ya mezani na mtambo mkubwa, fomu na mhuri. Akamweleza na kwamba aliambiwa azime, akakataa. Akamweleza na lile neno la shukrani alilolitamka, na lililosikika chini mara baada yake. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani.

"Hilo swali la kuuliza ule mtambo mkubwa," alisema, "ni refu?"

"Maneno mawili, dada."

"Lingekuchukua muda gani?"

"Pumzi moja."

"Basi kwa nini?"

Hafidhi alifumba macho. "Ilikuwa Ijumaa. Adhana ilikwisha kuanza. Nilitaka kuwahi safu ya mbele msikitini."

Toroli la dawa lilipita nje, gurudumu lake moja likilia.

"Ukaipata?"

"Niliipata."

Mama aliinuka. Aliweka kiganja chake juu ya mkono ule uliofungwa, taratibu, kana kwamba anampa pole. Kisha akaweka na cha pili juu yake, akaegemea kwa uzito wote wa mwili wake. Mifupa iliyokuwa ikianza kuungana iliachana. Jasho lilimtoka Hafidhi kwenye paji la uso likamwingia machoni. Kamba ya kengele ya kumwita muuguzi ilining'inia karibu na mkono wake mzima, na mkono ule haukuondoka juu ya shuka.